Songwe usirithi kiangazi cha Ruaha

Mwaka 2001 Frederick Sumaye, akiwa Waziri Mkuu, alitangaza mbele ya dunia kwamba ifikapo 2010 Mto Ruaha Mkuu utatiririka tena mwaka mzima. Mwaka 2010 ukafika na mto ukakatika, kama ulivyokuwa ukikatika kila kiangazi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Nia ilikuwepo, fedha za wafadhili zilikuwepo, wataalamu walikuwepo. Kilichokosekana ni kanuni ya kugawana maji inayofanya kazi mwezi wa kumi, wakati mto umebaki mwembamba na kila mtu ana sababu halali ya kuuchukua wote.

Narudi kwenye habari hiyo ya zamani kwa sababu ya mto mwingine. Songwe, unaotenganisha Tanzania na Malawi kabla ya kuingia Ziwa Nyasa, una mpango wa mabwawa matatu. Bwawa la chini limepangiwa kuzalisha megawati zipatazo 180, kuzuia mafuriko ya Kyela na Karonga, na kumwagilia zaidi ya hekta 6,000 pande zote mbili. Nchi hizi mbili zilisaini mkataba wa kuunda kamisheni ya pamoja ya bonde hilo mwaka 2017, na makao yake yapo Kyela. Mto huo ni mmoja wa mito ambayo samaki wa ziwa hupanda kwenda kuzaa. Tukiandika mgao wa Songwe kwa namna ileile tuliyoandika wa Ruaha, tutapata matokeo yaleyale, safari hii tukiwa na jirani wa kumlaumu.

Ruaha Mkuu hupata maji yake kwenye milima ya Uporoto na Kipengere. Kimani, Chimala na Mbarali hushuka kutoka huko, Ndembera hutoka upande wa Mufindi, na yote huishia kwenye tambarare ya Usangu, kwenye ardhioevu tunayoiita Ihefu. Ihefu ina mlango mmoja tu wa kutokea, Ng'iriama, ambako mwamba umekatiza mkondo. Uso wa maji ukiwa juu ya ukingo wa mwamba ule, Hifadhi ya Taifa ya Ruaha inapata mto. Ukishuka chini ya ukingo hata kwa upana wa kidole, hakuna tone linalopita, ingawa nyuma yake bado kuna kilomita za mraba nyingi za maji, mafunjo na matete.

Mwamba huo ndio unaoeleza kwa nini hatua za nusunusu hazikuonekana. Watafiti waliofanya kazi Usangu, akiwemo Japhet Kashaigili wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, walikokotoa kwamba ili nusu mita ya ujazo kwa sekunde ipite Ng'iriama wakati wa kiangazi, lazima karibu mita za ujazo 7 kwa sekunde ziingie Ihefu. Zilizobaki huchukuliwa na jua na majani. Hizo 7 zilikuwa takriban mara mbili ya maji yaliyokuwa yakiingia wakati ule. Kuzipata kulimaanisha mabanio ya juu, yaani vizuizi vya kuingizia maji ya mto kwenye mifereji, yapunguze uchukuaji wa kiangazi kutoka mita za ujazo 4.25 kwa sekunde hadi kama 1.15. Hapo ndipo ugumu ulipo. Wakulima wakijinyima robo ya maji yao, wataona mashamba yamekauka na mto wa hifadhini nao umekauka vilevile, kwa sababu robo hiyo haitoshi kuupandisha uso wa Ihefu juu ya mwamba. Watasema wamedanganywa, na mtu hawezi kuwabishia kirahisi.

Mto ukikatika, viboko hujikusanya kwenye madimbwi machache yaliyobaki. Kila usiku hutoka kula nyasi nchi kavu, kila asubuhi hurudi na kunya majini. Mto unaotembea huuchukua uchafu huo na kuusambaza, nao ni chakula kizuri kwa wadudu na samaki. Dimbwi lililosimama hujaa kinyesi, bakteria wanaokiozesha humaliza hewa ya oksijeni iliyomo majini, na samaki hufa. Utafiti uliofanywa kwenye Ruaha Mkuu na kuchapishwa mwaka 2018 ulipima jambo hili: kwenye madimbwi ya viboko, mtiririko ukisimama, oksijeni hushuka mno na aina za samaki hupungua. Tembo bado anaweza kuchimba mchanga apate maji, na mbwa mwitu anaweza kutembea mbali. Samaki aliyefungiwa dimbwini hana pa kwenda, na kiboko naye haachi maji ya mchana, kwa hiyo hugombana, hudhoofu, na wengine hufa.

Nusu mita ya ujazo kwa sekunde, yaani lita 500, ndiyo inayotenganisha hali hizo mbili. Kwa umeme wa mabwawa ya Mtera na Kidatu, chini zaidi kwenye mto huohuo, kiasi hicho ni kidogo sana. Bwawa la Mtera hujazwa na mafuriko ya mvua kati ya Desemba na Mei, na maji ya Oktoba hayabadilishi hesabu zake. Miaka ya 1990 tulipokaa gizani, lawama ziliangukia mpunga wa Usangu na mifugo, lakini wachambuzi waliokuja kupitia takwimu walikuta kwamba namna bwawa lenyewe lilivyoendeshwa lilikuwa na mchango wake. Kuchanganya hoja ya umeme na hoja ya wanyama kulituumiza. Umeme unataka maji mengi ya masika, viumbe wa hifadhini wanataka maji machache ya kiangazi, na kila moja lina dawa yake.

Twende kwenye banio, maana hapo ndipo mto unapogawanywa kwa vitendo. Banio la asili la Usangu lilijengwa kwa magogo, mawe, matawi na udongo. Lilivuja. Mvua kubwa ya kwanza ililibeba, na wakulima wakajenga tena. Kuvuja kule kulikuwa ndiko kunampa maji mtu wa chini bila yeye kuomba. Kisha kuanzia miaka ya 1970 yakaja mashamba makubwa ya serikali, Mbarali kwanza, baadaye Kapunga, kila moja lenye hekta zipatazo 3,000, na skimu ya Madibira ya ukubwa kama huo. Katika miaka ya 1990 na kuendelea mradi wa kuboresha umwagiliaji wa wakulima wadogo ukajenga mabanio ya zege yenye geti la chuma kwenye mifereji iliyokuwa ya magogo. Ukuta wa zege haubebwi na mafuriko, wala hauvuji. Wakati wa masika hiyo ni faida tupu. Wakati wa kiangazi ukuta ule unaziba mto kutoka ukingo hadi ukingo, na kwa kuwa sakafu ya mfereji imejengwa chini ya ukingo wa ukuta, tone la mwisho huingia mfereji kabla halijafikiria kuvuka. Mtaalamu wa umwagiliaji Bruce Lankford aliandika kwa miaka mingi kuhusu jambo hili Usangu: tuliita maboresho, lakini tulichoboresha ni uwezo wa mtu wa juu kuchukua mto wote.

Juu ya zege tukaweka kibali. Kibali cha kutumia maji huandikwa kwa lita kwa sekunde. Chukua mfano wa mto mdogo wenye mabanio matatu, la juu lina kibali cha lita 300, la kati 200, la chini 100. Mwezi wa tano mto una lita 900; wote wanapata na lita 300 zinaendelea kwenda Ihefu. Mwezi wa kumi mto umeshuka hadi lita 250. Banio la juu linachukua zote 250 na bado lipo ndani ya kibali chake. Kwa kweli mwenye kibali anaweza kudai kwamba amepunjwa lita 50. Wa kati na wa chini wanabaki na karatasi. Ihefu haina hata karatasi. Ada nayo ikaongeza ugumu, kwa sababu mtu aliyelipia maji ya mwaka mzima huhesabu kwamba ameyanunua, na afisa anayemwambia afunge geti anaonekana kama mtu anayerudi kuchukua bidhaa baada ya kupokea hela.

Sera ya Maji ya 2002 na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 zimeweka vizuri mpangilio wa vipaumbele: maji ya majumbani kwanza, mazingira ya pili, shughuli za uchumi baadaye. Hakuna kasoro hapo. Lakini kipaumbele kilichoandikwa kwenye sheria hakiinui geti wala kulishusha. Kinachofanya hivyo ni umbo la zege na mtu aliyeshika usukani wa geti.

Njia iliyopendekezwa Usangu, na ambayo naiona ndiyo sahihi hata kwa Songwe, ina sehemu mbili. Masika, kila banio liwe na kikomo cha juu kisichovukika. Kiangazi, kila banio lipate sehemu ya mto uliopo, iwe theluthi au nusu, badala ya idadi ya lita. Mto ukipungua, wote wanapungua pamoja.

Kulijenga hilo si kazi ya ajabu. Kwenye banio, ukingo unaoingiza maji mfereji na ukingo unaoyaacha yaendelee mtoni hujengwa kwa kimo kimoja, na upana wao ndio unaogawa. Ukingo wa mfereji ukiwa mita 2 na wa mto mita 3, mfereji utapata karibu asilimia 40, mto ukiwa na kina cha sentimita 5 au 30, mradi maji yanaanguka huru pande zote mbili. Kwa ajili ya kikomo cha masika, mdomo wa mfereji unawekewa boriti ya zege juu, kwa hiyo maji yakipanda zaidi ya boriti hupita kwa kusukumwa kupitia tundu na hayaongezeki kwa kasi. Ziada inapita juu ya ukingo wa mto. Hakuna geti la kuiba ufunguo wake. Hata hivyo yapo yanayoharibika, na ni vyema kuyajua mapema. Mchanga hujaa upande mmoja wa banio na kuyasukuma maji upande wa pili, kwa hiyo lazima usombwe kila baada ya mvua. Zege likititia upande mmoja kwa sentimita 2, wakati mto una kina cha sentimita 5, mgao wote umeharibika. Na viroba vya mchanga hupangwa usiku kwenye ukingo wa mto. Dawa ya viroba ni kwamba vinaonekana: mtu wa chini akija asubuhi anaviona kwa macho na anajua vimewekwa na nani, wakati geti lililoinuliwa kwa sentimita 4 halionekani na mtu yeyote.

Sasa tuulize maji ya kiangazi yanakwenda wapi hasa, kwa sababu Agosti na Septemba mpunga mwingi umeshavunwa. Sehemu inakwenda kwenye vitalu vya mapema na kulowesha majaruba ili wakulima wawahi kupanda, maana mpunga wa mwanzo una bei. Sehemu inakwenda kwenye mboga, mahindi mabichi na vitunguu, na huko juu Iringa na Njombe kwenye vinyungu, yaani bustani za mabondeni. Sehemu kubwa inapita mferejini kwa sababu tu vijiji vinachota humo maji ya kunywa na kunywesha mifugo. Mfereji wenye lita 100 kwa sekunde unabeba lita milioni 8.64 kwa siku. Kijiji cha watu 5,000, kila mmoja akipewa lita 25 ambazo ndizo kiwango cha sera yetu vijijini, kinahitaji lita 125,000. Ongeza ng'ombe 5,000 wanaokunywa lita 40 kila mmoja, ni lita 200,000. Jumla haifiki asilimia 4 ya kinachopita mferejini. Kinachobaki huzama ardhini, hupanda na jua, au hutuama mwisho wa mfereji kwenye bwawa la mbu. Kisima kirefu chenye pampu na birika la mifugo kingeruhusu mfereji ule kufungwa kuanzia Agosti hadi mvua zianze, na hakuna mtu angekosa ndoo. Mtu anayetaka viboko wa Ruaha wapate maji aanze kwa kuchimbia visima vijiji vya Mbarali. Nalisema hili kwa wafadhili wa uhifadhi hasa, ambao hupenda kununua magari ya doria.

Kilimo shadidi cha mpunga nacho kinatajwa sana kama suluhisho. Ni kilimo kizuri. Miche inapandwa ikiwa na siku 8 hadi 12, mmoja mmoja kwa nafasi ya sentimita 25 kwa 25, na jaruba halijazwi maji muda wote. Mkulima anaweza kutoboa bomba la plastiki la sentimita 30, akalizika nusu, akawa anachungulia: maji yakishuka sentimita 15 chini ya uso wa udongo anamwagilia hadi kina cha sentimita 5, kisha anaacha. Mavuno hupanda, maji hupungua, ingawa palizi inaongezeka kwa sababu maji ndiyo yaliyokuwa yakizuia magugu. Asiye na kipalizi cha kusukuma atachoka mapema. Lakini tusijidanganye kuhusu mto. Mkulima aliyeokoa maji kwenye ekari moja ataongeza ekari ya pili, au jirani yake wa mwisho wa mfereji atayapokea. Ana haki, kwa sababu ardhi ipo na njaa ya mapato ipo. Eneo la mpunga Usangu hupanuka na kusinyaa kati ya hekta 20,000 mwaka mkavu na hekta kama 40,000 mwaka mzuri. Kila tone lililookolewa lina shamba linalolisubiri. Akiba ya shambani hufika mtoni pale tu ambapo banio la juu limewekewa kikomo. Bila kikomo, kilimo shadidi ni mradi wa kuongeza mpunga, jambo jema kwa haki yake, lakini lisiandikwe kwenye ripoti za kuokoa mto.

Mwaka 2006 wafugaji na mifugo yao waliondolewa Usangu kwa nguvu, na mwaka 2008 Ihefu ikaingizwa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Mto uliendelea kukatika. Ng'ombe hukanyaga kingo, huchafua maji na hula malisho, hayo ni kweli, ila ng'ombe hawanywi mita za ujazo 4 kwa sekunde. Walioadhibiwa zaidi ni wale ambao mchango wao kwenye tatizo la kiangazi ulikuwa mdogo zaidi.

Kwenye kijito cha Mkoji, kati ya Mbeya na Usangu, watafiti haohao walijaribu kitu ambacho ningependa kukiona Kyela na Karonga. Walitengeneza ubao wa mbao uliolazwa kwa mteremko, wenye mto uliochorwa katikati na matundu madogo pembeni yakiwa mashamba. Gololi zinamiminwa juu, kila kijiji kinapewa vijiti vya kuwa banio. Mzunguko wa kwanza watu wa juu wanajaza matundu yao yote na wengine wanakaa na gololi za ziada mkononi, huku watu wa chini wakiangalia ubao mtupu. Mabishano yanaanza palepale, na baada ya mizunguko kadhaa wanaanza kupanga zamu wenyewe. Kutoka ubaoni mazungumzo yakahamia mtoni, kwenye zamu halisi za siku na saa. Zamu inafanya kazi kwenye kijito ambacho watu wanajuana. Kwenye mto wa nchi mbili inahitaji zaidi ya kujuana.

Kuna funzo lingine lipo karibu zaidi na sisi wa Iringa, nalo ni chura wa Kihansi. Aligunduliwa mwaka 1996 kwenye korongo la Mto Kihansi, safu ya Udzungwa, wakati mradi wa umeme wa megawati 180 umeshaanza kujengwa. Hana urefu wa sentimita 3, huzaa vitoto vilivyokamilika badala ya kutaga mayai, na dunia nzima aliishi pale tu, kwenye hekta chache za majani yaliyoloweshwa na mvuke wa maporomoko. Mtambo ulipoanza mwaka 1999 na 2000, karibu asilimia 90 ya maji ikaingia kwenye handaki la turbini na mvuke ukakatika. Maji yaliyoachwa mtoni yaliendelea kutiririka chini ya korongo, ila chura huyu hakuhitaji maji ya kutiririka, alihitaji manyunyu. Ikabidi zifungwe bomba za kunyunyizia. Hesabu ikapanda hadi zaidi ya 20,000 Juni 2003, na Januari 2004 wakaonekana watatu. Katika miezi hiyo bwawa lilikuwa limefunguliwa kusukuma tope, na ugonjwa wa kuvu unaoua vyura nao ukakutwa. Waliobaki ni wale 499 waliopelekwa Marekani mwishoni mwa 2000, wakazaliana kwenye bustani za wanyama za Bronx na Toledo, wakaanza kurudishwa korongoni mwaka 2012. Chura amenusurika. Gharama ya kumrudisha ililipwa kwa miaka kumi na zaidi, kwa sababu swali la anahitaji maji ya namna gani liliulizwa zege likiwa limeshamwagwa.

Marekani wana mto uitwao Platte, unaopitia majimbo ya Colorado, Wyoming na Nebraska. Majimbo haya yalibishana kwa miongo kuhusu maji ya mahindi na majiji dhidi ya maji ya ndege, yaani korongo mweupe, buabua mdogo na kitwitwi, na ya samaki aina ya stajoni. Mwaka 1997 walisaini makubaliano na serikali kuu, na Januari 2007 mpango wa pamoja ukaanza, baadaye ukaongezwa hadi 2032. Ninachokipenda ni jinsi kila jimbo lilivyoleta kitu kinachopimika. Nebraska ilitenga maji ndani ya bwawa la McConaughy kwenye akaunti ya mazingira, yenye msimamizi wake, anayeyafungulia kama mtu anayetoa fedha benki. Wyoming ilipandisha ukingo wa bwawa la Pathfinder kurudisha nafasi iliyokuwa imeliwa na mchanga, na sehemu kubwa ya nafasi hiyo ikawa ya mto. Colorado huvuta maji wakati hayahitajiki, huyamwaga kwenye mabwawa ya mchanga yazame, nayo hurudi mtoni kupitia ardhini miezi kadhaa baadaye. Shabaha yao ya kwanza ilikuwa kupunguza upungufu kwa futi-ekari 130,000 hadi 150,000 kwa mwaka, sawa na mita za ujazo milioni 160 hadi 185, na kulinda ekari 10,000 za makazi ya ndege.

Na walikosea, na mpango uliwaruhusu kukosea. Waliamini kwamba kufungulia maji mengi kwa siku chache kungejenga visiwa vya mchanga vya ndege kutagia. Wakajaribu, wakapima, wakakuta visiwa vinavyotokea ni vifupi mno, mayai yangesombwa. Wakahamia kutengeneza sehemu za kutagia kwa mitambo na kwenye mashimo ya mchanga nje ya mkondo. Mkataba usio na kipengele cha kupima na kubadilisha ungewalazimisha kuendelea kumwaga maji kwa kazi isiyofanyika.

Turudi Songwe. Samaki wa kuzungumzia kwanza ni mbasa, ambaye ndugu zetu wa Malawi humwita mpasa. Yumo kwenye orodha ya dunia ya viumbe waliomo hatarini. Hukulia ziwani, na mvua zikipandisha mito hupanda Songwe, Kiwira, Ruhuhu na mingineyo kutafuta changarawe safi yenye maji ya kasi, hutaga humo, kisha hurudi. Ningu, aliyekuwa akipanda mito kwa makundi, ameshaporomoka ziwani kote. Anayemvua mbasa mdomoni mwa mto kwa wavu uliokatiza mkondo anavua mama wote wa mwaka huo, na hilo halihitaji bwawa kuliharibu. Bwawa likija litaongeza mengine matatu. Changarawe itanaswa nyuma ya ukuta na mto wa chini utabaki na mawe na tope. Mafuriko ya mwanzo wa mvua, ambayo ndiyo humwita samaki kutoka ziwani, yatafungiwa bwawani kujaza maji ya umeme. Na turbini zikiwashwa jioni wakati wa matumizi makubwa na kupunguzwa usiku wa manane, mto utapanda na kushuka kila siku. Mayai yaliyotagwa jioni yatakutwa asubuhi juu ya changarawe kavu.

Kwa hiyo kiwango kimoja cha chini kwa mwaka mzima, mita za ujazo kadhaa kwa sekunde, hakitamsaidia mbasa, kama maji ya chini ya korongo yasivyomsaidia chura wa Kihansi. Mkataba wa uendeshaji wa Songwe unapaswa kusema mafuriko ya kwanza ya msimu yatapitishwa kwa siku ngapi, na kwamba turbini zitapunguzwa taratibu, kwa sentimita chache za kina kwa saa, katika miezi ya kutaga. Useme nani ataingiza changarawe chini ya bwawa, kila baada ya muda gani, na tope halitasukumwa wakati mayai yapo mtoni. Vituo vya kutagia vipimwe sasa, kabla ya ujenzi, misimu mitatu angalau, pande zote mbili za mto, na wavuvi wa Kyela na Karonga ndio wawaongoze wapimaji, maana wanavijua.

Mashamba nayo yaandikiwe sehemu ya mto, kwa asilimia, ikipungua pamoja na mto, na mabanio yake yajengwe kwa kingo za kugawa zenye kikomo cha masika. Maji ya samaki yawe na akaunti yake ndani ya bwawa, kama ya McConaughy, isiyoazimwa na shirika la umeme mwaka wa ukame bila saini ya nchi zote mbili. Na kamisheni ipewe haki ya kubadilisha ratiba kila baada ya miaka mitano kwa kufuata vipimo, bila kurudi kwa mawaziri kuomba mkataba mpya.

Hayo yote yanategemea kipimo kimoja kinachoaminiwa na pande zote. Kituo cha kupima kina cha maji kiwepo chini ya bwawa na kingine karibu na daraja la Kasumulu, visomwe kila asubuhi na msomaji wa Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Nyasa pamoja na mwenzake wa Malawi, wakiwa wamesimama mbele ya rula moja, na namba ibandikwe siku hiyohiyo kwenye ubao wa soko upande wa Kyela na upande wa Karonga. Zikipishana, wasomaji warudi mtoni wasome upya kabla ya saa sita.